Mashine Iliyozimika Mbele ya Wageni

Nyinyi vijana mliobaki dukani mliniomba niwaandikie mambo ya kazi kabla sijayasahau. Nimekubali kwa sababu mbili. Kwanza, kuandika ni kazi ya nyumbani, na nyumbani ndipo ninapopenda kuwa. Pili, nimechoka na simu zenu. Kila mkikwama: "Muzee, hii inakataa, nifanye nini?" Haya, someni. Mkimaliza kusoma na bado inakataa, ikataeni na nyinyi.

Mnajua naitwa Thembo, yaani mtoto wa kiume wa tano. Kwetu Bakonzo jina linakwambia foleni umesimama wapi. Wa kwanza hupewa heshima, wa pili hupewa kazi, na ikifika kwa wa tano umebaki ushauri tu. Nilimaliza sekondari hapa Kasese, nikarudi nyumbani, nikakaa. Nilikaa vizuri kabisa, mpaka baba akaniuliza kama kile kiti nimekinunua.

Ndipo nikapelekwa kwa Afande. Alikuwa fundi wa redio jeshini, na alipotoka alifungua karakana nyuma ya duka la mbolea, akawa anatengeneza redio, pasi, na baadaye kompyuta zilipoanza kufika mjini. Siku yangu ya kwanza sikuruhusiwa kugusa kitu. "Wewe! Kaa. Mikono nyuma." Mambo ya kukaa nilikuwa nayajua, kwa hiyo nikafurahi. Akaja mteja na kompyuta inayojizima, nami nikaruka na bisibisi nionekane mwenye bidii.

"Simama! Nani amekuambia fungua?" Afande alinguruma mpaka mteja naye akasimama wima. "Uliza kwanza. Mashine iko nalala wapi?"

Mteja akasema inalala Hima, katika ofisi iliyo kando ya barabara ya malori. Afande akanipa ishara nifungue. Ndani kulikuwa na vumbi la kijivu limeshikana kwenye feni kama mtu amepiga plasta. Saruji. Akaniambia neno ambalo nimelisikia maisha yangu yote, na ambalo, kama mtakavyoona, lilinisaidia nilipokuwa karibu kuliacha lipotee: mashine haiugui peke yake, inaugua na nyumba.

Baada ya muda nikawa na uwezo wa kufungua kompyuta na kukuambia inakotoka bila kumuuliza mwenyewe. Ya Hima ina saruji. Ya Katwe huliwa na chumvi; miguu ya shaba inageuka kijani, na ukipangusa kwa kitambaa chenye maji umeiua. Ya vilimani huko Kyondo ina moshi wa jikoni na mende wenye familia. Ya Bwera ina kibodi ya Kifaransa, kwa sababu imevuka mpaka kutoka Kongo, herufi zake zimekaa kama watu waliopanda gari bila kuelewana. Ukiweka mfumo mpya kwenye hiyo, chagua aina ya kibodi kabla ya kuandika neno la siri. Usipofanya hivyo, mteja atalala nje ya mashine yake mwenyewe na atakulaani kwa lugha mbili.

Vifaa vyangu mmevirithi: brashi ya rangi kwa vumbi, kifutio cha penseli kwa kusugua miguu ya memori, dawa nyeupe ya kupaka juu ya prosesa, na mswaki. Mswaki ule wa kwanza ulikuwa wa mke wangu, Mbambu. Alikuja kuutafuta karakanani siku moja, akaukuta ndani ya kompyuta ya Katwe. Aliuacha humo humo. Kuanzia siku hiyo nilinunua miswaki jozi jozi, na wake anauficha hadi leo.

Sasa tufike kwenye mateso.

Kwa miaka mingi kuweka Windows mpya kulikuwa kazi ya kawaida. Unachomeka flashi, unajibu maswali, unakunywa chai. Halafu ikaja hii ya kumi na moja. Unachomeka flashi, inakuangalia, inakwambia kompyuta hii haifikii masharti. Kachipu ka usalama hakuna. Prosesa ni ya zamani. Namna ya kuwaka si ile inayotakiwa. Nami nasimama pale na mgongo unaouma, macho ya miwani, nasema moyoni: ndugu yangu, hata mimi sifikii masharti, lakini niko kazini.

Mwelezee mteja sasa! "Fundi, kompyuta ni nzima. Inakataa nini?" Namwambia haikatai, inakataliwa. "Nani anaikataa?" Wenye mfumo. "Mimi nimewakosea nini?" Hapo ndipo kichwa kinapoanza kugonga. Nilijaribu kuwawekea wengine ule mfumo wa bure, ambao ni mwepesi na hauna dharau. Wakarudi kesho yake: "Fundi, umeiba Windows yangu."

Kwa hiyo nikajifunza njia ya kuzunguka. Mnaijua, lakini narudia, maana mnapenda kuruka hatua. Kwanza nakili kila kitu cha mteja, na ujaribu kukifungua kwenye mashine nyingine. Nakala ambayo hujaifungua ni uvumi. Pili, toa diski ile ya zamani, uiweke pembeni bila kuigusa, ufunge diski mpya isiyozunguka. Tatu, tengeneza flashi kwa ile programu inayofuta maswali ya masharti. Nne, mwambie mteja ukweli: mashine itakubali, lakini wenye mfumo hawajaahidi kuitunza kesho. Na kama prosesa ni kongwe kupita kiasi, usipoteze mafuta ya taa. Haitawaka hata kwa maombi ya mfungo.

Kazi yangu ya mwisho ilianza hivyo hivyo. Masika, dada wa ukoo wa mke wangu, alikuwa katibu wa kikundi cha wakulima wa kahawa wa Kyondo, na ofisi yao ilikuwa Bwera karibu na soko. Kwa sababu mimi ni shemeji yake, alikuwa na ruhusa ya kunitania hata msibani. Alinitumia kompyuta ya kikundi kwa pikipiki, imefungwa katika blanketi kama mgonjwa, halafu akapiga simu.

"Shemeji, hiyo mashine ndiyo roho yetu. Ukiiua, usikanyage Bwera tena."

"Bwera kwenyewe sikanyagi," nikamwambia.

Habari yenyewe ilikuwa hii. Mnunuzi wa kahawa alitaka kila shamba lionekane kwenye ramani, ajulikane mkulima ni nani na mipaka iko wapi. Masika na wenzake walikuwa wameshazunguka vilima vyote vya Kyondo kwa miguu, na simu mkononi, wakipima. Ramani zote zilikuwa ndani ya mashine ile. Iliyobaki ni kila mkulima kushuka Bwera, kulitazama shamba lake kwenye kioo, kukubali, na kupigwa picha, ndipo linatumwa. Lakini programu ya mnunuzi ilibadilishwa, ikawa haifanyi kazi kwenye Windows ya zamani. Na ilikuwa imeshafungwa kwa mashine hiyo moja. Kuihamishia nyingine kulihitaji mtu kutoka Kampala, na mtu huyo simu yake ilikuwa inaita tu. Shamba lisilotumwa kabla ya mnunuzi kufunga mlango, kahawa yake itaishia kwa walanguzi wanaokaa njiani na mizani iliyopinda. Ndiyo maana aliiita roho.

Nikafanya hatua zote. Nikanakili ramani, nikazifungua, nikafunga diski mpya, nikaidanganya flashi, flashi ikaidanganya mashine. Mfumo mpya ukaingia. Programu ya mnunuzi ikafunguka. Nilijisikia kijana. Mke wangu akaja kuangalia kilichonifanya nipige mluzi.

"Inarudi Bwera?" aliuliza.

"Kesho asubuhi."

"Na lile blanketi chafu? Haiwezi. Watu wa kwetu watasema mimi sina mikono." Akaleta kitambaa alichokuwa amekidarizi mwenyewe, kizito, maua mekundu na jogoo katikati, akaifunga mashine. Nyumba yetu mnaijua. Hakuna kitu kisicho na kitambaa. Viti vina vitambaa, redio ina kitambaa, televisheni ina chake chenye pindo. Nikiketi muda mrefu naogopa.

Haikupita wiki, Masika akapiga simu.

"Shemeji, ile dawa yako haijashika. Mashine iko nazima."

"Inazima wakati gani?"

"Wakati bantu beko hapa. Inafanya kazi kidogo, inazima puu! Bakienda, inawaka muzuri."

"Kwa hiyo mashine inaogopa watu?"

"Wewe ndiye unaogopa watu. Kuja uone."

Sikwenda. Nikasema iletwe. Ikaja, nikaiwasha mezani kwangu tangu asubuhi, nikaipa kazi nzito. Haikuzimika. Nikabadilisha kifaa cha umeme kwa kuwa nilikuwa nacho. Ikarudi Bwera. Ikazimika. Nikaanza kuulaumu mfumo: nimeudanganya, sasa unalipiza kisasi. Nikampigia Masika nikamwambia ni umeme wa Bwera, kisha ni virusi kutoka Kongo. Nikailaumu prosesa. Nililaumu kila kitu kilichokuwa mbali na mimi, na nilikuwa nikifoka peke yangu mezani mpaka chai inapoa.

Mwishowe nikaenda. Andikeni hapo kwamba Thembo alipanda gari akaenda Bwera, maana wengine hawataamini. Nilimkuta Masika peke yake, haikuwa siku ya wakulima. Nikaketi mbele ya mashine, nikaifanyisha kazi mpaka jua likaelekea Kongo. Haikukohoa hata mara moja.

"Unaona?" nilimwambia. "Nzima."

"Shemeji, mimi siyo mutoto. Jana imezima mara nyingi. Nyanya mumoja ametoka Kyondo kwa miguu, mara mbili sasa. Kila mara zamu yake ikifika, puu! Anasema mashine imekubali bantu bote, imemukataa yeye tu. Nitamwambia nini?"

Nilirudi Kasese na hasira ya mtu aliyesafiri bure, na nikasema nyumbani kwamba kazi hii basi, nastaafu. Mke wangu alisema vizuri, kwa sababu mtoto wa dada yake anaolewa Bwera, na mtu aliyestaafu hana kisingizio.

Ndivyo nilivyojikuta Bwera tena, nimevaa koti na tai inayonyonga, siku moja kabla ya harusi. Ilikuwa siku ya soko. Mlango wa mnunuzi ulikuwa ufungwe kesho yake. Mke wangu alitaka kumsalimia Masika kabla ya kwenda jikoni kwa wenzake, nami nikafuata nyuma nikibeba sufuria.

Ofisi ilikuwa imejaa. Wakulima wameketi kwenye mabenchi, wengine wamesimama nje. Masika aliponiona na koti, alicheka.

"Wabukire, shemeji! Leo umekuja kama mutu! Bamama, sogeeni, mupeni mugeni nafasi."

Nilipewa kiti chenye mgongo. Nikapewa chai na karanga. Katika safari zote mbili za maisha yangu kufika ofisi ile, hii ndiyo mara ya kwanza nilipewa chai. Mbele yetu bibi kizee mmoja alikuwa amesimama karibu na meza, ameshika kitambulisho chake kwa mikono miwili. Nikajua ni yule.

Mke wangu ndiye aliyeona kwanza. Alipiga kofi kwa furaha.

"Eh! Kitambaa changu!"

Nikageuza macho. Kioo kilikuwa wazi, lakini boksi lenyewe la mashine, lililolala mezani, lilikuwa limefunikwa kutoka juu mpaka chini, mbele na nyuma, maua mekundu na jogoo akinitazama. Na mashine inafanya kazi.

"Unakiweka siku zote?" mke wangu aliuliza, amevimba kwa fahari.

"Wageni bakikuja tu," Masika alijibu. "Siku zingine nakikunja nakiweka kabatini. Wageni bataona mashine uchi?"

"Na nilipokuja mimi?" niliuliza.

"Wewe? Wewe siku ile ulikuwa fundi. Fundi ni mugeni gani?"

Niliweka chai chini. Nikanyoosha mkono, nikaugusa mgongo wa jogoo. Ulikuwa wa moto kama kikaango cha chapati. Wakati huohuo Masika alibonyeza jina la bibi kizee, ramani ikaanza kujichora, na puu. Kioo kikawa cheusi. Bibi akakishusha kitambulisho chake taratibu. Akageuka kuelekea mlangoni kama mtu aliyezoea.

"Mama, ngoja!" nilisema, kwa sauti ya Afande kabisa, nadhani hata benchi lilisimama. "Hakuna kuondoka!"

Nikakivuta kitambaa. Nikavua koti. Nikaomba bisibisi, sikupewa kwa kuwa hawakuwa nayo, nikatumia kisu cha mboga. Feni ilikuwa imejaa nyuzi nyekundu za maua. Nikazitoa kwa kidole na kwa unyoya wa kuku uliokuwa sakafuni. Nikaomba matofali mawili, nikaiinua mashine juu yake ili ipate hewa hata chini. Watu wote walikuwa wakiangalia mgeni mwenye tai anavyotoa nyuzi ndani ya kompyuta.

Windows ile ya zamani ilikuwa mzee kama mimi, ilikaa tu, haikutoa joto. Hii mpya haikai. Hata usipoigusa inatafuta, inapanga, inapakua, inajikagua. Juu yake uweke ramani na picha, juu yake uweke blanketi la heshima. Inajizima ili isiungue. Nilieleza hivyo. Mke wangu alisikiliza mpaka mwisho.

"Kwa hiyo ni kitambaa changu," alisema.

Vijana, kuna maswali ambayo hata mfumo mpya haujibu. Masika akanisaidia, kama kawaida ya mashemeji, kwa kumwaga mafuta motoni.

"Shemeji, umesema virusi, umesema umeme, umesema Kongo. Kumbe virusi iko nakupikia kila siku!"

Ofisi ilipasuka kwa kicheko. Hata mke wangu alicheka, akaniambia kwa sauti ya chini kwamba tutaongea nyumbani.

Mashine ikapoa, nikaiwasha. Bibi kizee alirudishwa mbele, zamu yake ile ile. Jina likabonyezwa. Ramani ikajichora mstari kwa mstari, kijani. Ikakamilika. Masika akamwonyesha: hili ndilo shamba lako, hapa mto, hapa njia.

Bibi akasogea mpaka pua ikakaribia kioo. Akatazama muda mrefu. Nilidhani analia.

"Huu mupaka," alisema, "unapita juu ya choo yangu. Jirani ameiba choo."

Ilibidi Masika arekebishe, na bibi hakukubali kupigwa picha mpaka choo kirudi upande wake. Kikarudi. Shamba likatumwa. Alipotoka nje alinipa mkono bila kuniangalia, kwa sababu alikuwa bado anamtazama jirani yake kwenye benchi.

Kesho yake tulikwenda wote harusini. Mimi, baada ya kula pilau, nilitoroka nikarudi ofisini kukaa karibu na mashine, nikiipepea kwa kadi ya mwaliko. Haikuzimika. Mashamba yote ya Kyondo yalipita kabla mlango haujafungwa. Baadaye lori la mnunuzi lilipanda mlima, likarudi limejaa, na walanguzi wa njiani wakabaki na mizani yao.

Afande angenitukana, na angekuwa na haki. Swali lake la kwanza nilikuwa nalo tangu siku nilipofika nimefunga mikono nyuma: mashine iko nalala wapi? Mimi nilitaka zije kwangu zilale kwangu, kwa sababu kwangu ndiko kuzuri. Mkiwa na kazi inayogoma msiyoielewa, fungeni duka, mwende mkae ilipo, na mwende mmevaa kama wageni. Fundi haonyeshwi kitu. Mgeni huonyeshwa kila kitu mpaka kitambaa.

Masika alileta zawadi ya kahawa ya Kyondo mwenyewe, iliyokaangwa tayari, imefungwa katika kitambaa kile kile chenye jogoo. Alisema kwao hakina kazi tena. Mke wangu alikipokea, akakifua, akakipiga pasi.

Jana nilipotoka kuoga nilikikuta juu ya televisheni yetu, kimewekwa juu ya kile cha zamani chenye pindo, kimeshuka mpaka nyuma kulikokuwa na matundu ya hewa. Televisheni ilikuwa inawaka. Mbambu alikuwa ameketi mbele yake na kikombe cha kahawa, ananisubiri niseme kitu.

Nimestaafu. Niliketi, nikaomba kahawa.